Kumtoa mtoto mkojo kwa mpira nyumbani: jibu kwa mama wa Kongwa

Mama mmoja wa Kongwa kaniandikia wiki hii. Mwanawe wa kike ana mgongo wazi, yaani alizaliwa uti wa mgongo haukufunga vizuri, na kibofu hakimwagi mkojo vizuri chenyewe. Hospitali wamemfundisha mama kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa kwenye tundu la mkojo (katheta), lakini akiwa peke yake nyumbani mikono inamtetemeka. Tena mama mkwe anasema anamharibu mtoto.

Dada yangu, hayo ya ukweni nayajua. Mimi niliambiwa mbele ya wageni kwamba namfanyia binti yangu mambo ya aibu, na bado linaniuma. Leo binti huyo anajitoa mkojo mwenyewe chooni shuleni, hapa Dodoma mjini, anarudi darasani mkavu. Waliosema wako wapi?

Mpira hauharibu. Kinachoharibu ni mkojo uliolala kwenye kibofu: unazalisha wadudu, na presha yake inapanda hadi kwenye figo. Wala nyumba yako haihitaji kuwa chumba cha upasuaji. Daktari Jack Lapides wa Marekani na wenzake walionyesha tangu 1972 kwamba usafi wa kawaida unatosha.

Kwa hiyo mikono, mama. Maji yakikatika huku kwetu tunabana kila kitu. Bana kwenye kudeki, ndoo ya kunawia usiiguse. Kucha fupi, sabuni, maji yanayotiririka. Binti mfute kutoka mbele kwenda nyuma. Paka mpira jeli uliyopewa hospitali, si mafuta ya mgando. Tundu la mkojo liko juu kidogo ya uke. Mpira ukipotea ukaingia ukeni, uache hapohapo uwe alama, chukua mwingine safi uingize juu yake, ndipo uchomoe ule wa kwanza. Ukigoma usilazimishe. Mwambie akohoe, subiri, jaribu tena taratibu. Mkojo ukikatika vuta polepole. Ukianza kutoka tena, simama hadi uishe.

Halafu saa. Fuata ratiba ya daktari wako. Kwa wengi ni kila baada ya masaa matatu hadi manne mchana, hata siku ya harusi, hata ibada ikiwa ndefu. Na usimnyime mtoto maji ya kunywa ili mkojo upungue! Kwa jua hili la Dodoma?

Mpira wa kutumia mara moja ndio bora. Kama hospitali wamekuelekeza kuurudia, uoshe kama walivyokuonyesha, na usiazimane na mtoto mwingine. Uliza pia kama hauna lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira, maana watoto wa mgongo wazi hupata mzio wake kirahisi. Hata maputo ya sherehe yaogope.

Mkojo kuwa na ukungu au harufu peke yake usikukimbize duka la dawa kununua antibayotiki. Homa, kutetemeka, kutapika, maumivu ya kiuno, damu isiyokoma au mpira kukataa kabisa kuingia: hospitali siku hiyohiyo, usisubiri baba arudi safari.

Na nyie akina baba, jifunzeni. Mama naye huugua.

Mtoto mpe kioo ajione, aanze kushika mpira mapema. Mama mkwe mpe kopo, awe anakumiminia maji unaponawa.