Mlango wa Udaktari Hufungwa Mapema: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya kata mkoani Singida. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne hunijia wakisema wanataka kuwa madaktari, wahandisi au mawakili, nami huwahimiza wasome kwa bidii, lakini naona hilo halitoshi. Tuwaandaeje, na tuanze lini? – Mwalimu, Singida

JIBU: Mwalimu, nianze na lile la lini, kwa kuwa ndilo linalowaponza wengi. Uamuzi anaokuletea mwanafunzi akiwa kidato cha nne kwa kawaida alikwisha kuufanya miaka miwili nyuma, alipomaliza kidato cha pili akaacha fizikia na kemia, kwa maana aliyeyaacha masomo hayo hawezi kusoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wala PCM (fizikia, kemia na hisabati), ambazo ni tahasusi, yaani michepuo ya masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Wapo wasichana wenye akili nzuri walioyaacha kwa sababu tu rafiki zao waliyaacha, au kwa sababu mwaka ule shule haikuwa na mwalimu wa fizikia, na jambo hilo huniumiza kila ninapolisikia. Kwa hiyo kikao chenu kikubwa na wazazi kiwe kabla ya masomo hayo kuchaguliwa, wala kisingoje kidato cha nne.

Katika kikao hicho wekeni mezani mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huutoa kila mwaka, na wanafunzi wenyewe wausome. Watagundua kwamba kozi nyingi za uhandisi, kama ule wa ujenzi na wa umeme, hudai fizikia na hisabati ya juu, hivyo mwenye PCB, hata akifaulu vizuri, hatazipata. Udaktari wa binadamu nao hudai fizikia, kemia na baiolojia kwa pamoja. Tangu orodha ya tahasusi ilipopanuliwa mwaka 2024 hadi kufikia 65, kuusoma mwongozo huo kumekuwa muhimu zaidi, kwa sababu tahasusi yenye jina la kuvutia yaweza isimfikishe kijana kwenye kozi aliyoitamani.

Wafundisheni pia hesabu ya pointi za matokeo ya kidato cha sita: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sifa za chini humruhusu mtu kuomba tu. Katika kozi yenye waombaji wengi, kama udaktari katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, nafasi huchukuliwa na wenye pointi za juu. Waambieni vilevile urefu wa safari: udaktari ni miaka 5 ya darasani na wodini, kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, na shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili, mpaka apite mafunzo ya uanasheria kwa vitendo.

Kuhusu maabara, kama shule jirani inayo, ombeni kuitumia Jumamosi mbili kila mwezi. Mtoto ambaye bureti, ile neli ya maabara ya kupimia kimiminika, aliiona kwenye picha tu, hawezi kufaulu mtihani wa vitendo.

SWALI: Mwanangu amemaliza kidato cha sita mwezi Mei. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa halifanani na lile la cheti cha kidato cha nne. Je, tusubiri matokeo kwanza? – Mama, Mwanza

JIBU: Msisubiri, mama. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), na tofauti ya herufi moja yaweza kumchelewesha, kwa hiyo nendeni RITA sasa mkaulize namna ya kuirekebisha. Kumbukeni pia kwamba ombi la mkopo ni tofauti na ombi la chuo. Na katika fomu aandike namba ya simu ambayo hataibadilisha, kwa kuwa akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha chuo anachokitaka hutumwa kwenye simu hiyo, na asipothibitisha ndani ya muda uliowekwa anaweza kuipoteza nafasi.