Moyo unaruka, vipimo vinasema mzima: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 34, nipo Morogoro. Tangu mwaka jana moyo unanishtuka, unaruka kama unataka kusimama alafu unapiga kwa nguvu puu, hasa usiku nikilalia ubavu wa kushoto. Siku nyingine unaenda mbio mpaka mikono inatetemeka, nahisi nakufa. Nimepima ECG (umeme wa moyo) mara mbili na ECHO (picha ya moyo), wakasema moyo mzima, ni wasiwasi tu. Duka la dawa wakasema ni presha ya kushuka, wakanipa propranolol niwe nameza nikisikia hali. Alafu wakaja watu kanisani na mashine ya kupima mwili mzima, ikaonyesha moyo umepanuka na mishipa imeanza kuziba, nikanunua dawa zao laki na themanini. Boksi limeisha, hali ni ileile, wananiambia niongeze la pili. Saizi naogopa hata kulala, usiku kucha nimeshika mshipa wa mkono. Je, nikapige CT scan? Kuna ugonjwa umejificha?

JIBU: Marahaba mama. CT scan hapana, tunza hela yako. Na hilo boksi la pili usinunue, hata wakikupunguzia bei.

Watu wa aina yako nawaona kila kliniki, anaingia na bahasha ya vipimo nene hivi, vyote visafi, na badala ya kufurahi ndo anazidi kuogopa, maana kichwani ameshaamua kwamba kama hawajauona ugonjwa basi umejificha na dawa yake ni vipimo zaidi. Hapa ndo penye kosa. ECG ya kawaida inarekodi sekunde 10. Sekunde kumi tu, umelala kitandani, umetulia, moyo wenyewe saa hiyo hauruki. Ni lile gari linalogonga njia nzima, ukifika kwa fundi limenyamaza. Kwa hiyo ECG mbili safi zinatuambia umeme wa moyo wako ukiwa umetulia hauna hitilafu inayoonekana, na ECHO inatuambia misuli na milango ya moyo iko sawa. Hizo ni habari nzuri sana na usizidharau. Lakini ule mruko wenyewe bado hakuna aliyeunasa, na hautanaswa kwa kurudia ECG ya kumi na moja ukiwa mzima wala kwa CT. Unanaswa ukiwa unatokea.

Sasa hiyo mashine. Mama, ECHO inauona moyo wako ukidunda kwenye skrini, mpimaji anapima vyumba vyake kwa milimita, akakwambia haujapanuka. Alafu mtu anakushikisha kile kifimbo cha chuma kiganjani dakika moja, kompyuta inatoa karatasi zenye ini, figo, moyo, mpaka mifupa, na wewe ukaiamini karatasi ukaacha ECHO! Kile kifimbo kiliuona moyo kupitia wapi? Na kabla hujakishika si walikuuliza umri, urefu na kilo? Mama wa thelathini na kitu mwenye mwili kidogo, hata mimi nikifumba macho naweza kumwambia mafuta yamezidi, damu nzito, mishipa inaanza kuziba, na mara nyingi nitaonekana nimepatia. Sijawahi kuona karatasi ya mashine ile iliyomwambia mtu "wewe mzima, nenda nyumbani". Haiwezi kusema hivo, kwa sababu boksi lipo pale pale mezani linasubiri.

Na huyo wa duka la dawa naye anashangaza. Anasema una presha ya kushuka, alafu anakupa propranolol, dawa ambayo yenyewe inashusha presha na kupunguza kasi ya moyo. Wewe ungekuwa na pumu hiyo dawa ingeweza kukubana kifua vibaya sana, na sidhani kama alikuuliza. Kama unameza moja moja siku za hali tu, acha, subiri daktari aamue. Ila kama umekuwa ukimeza kila siku kwa wiki kadhaa usiikate ghafla, moyo unaweza kurudi na kasi kuliko mwanzo, ipunguze ukiwa chini ya daktari.

Turudi kwako. Huo wa kuruka alafu puu, unavyouelezea, una dalili zote za mapigo yanayowahi. Pigo moja linakuja kabla ya zamu yake, moyo bado haujajaa damu kwa hiyo hulisikii vizuri, kinafuata kimya kidogo, ndo pale unasema umesimama, na katika kile kimya moyo unajaa zaidi, pigo linalofuata linakuwa zito, ndo hilo puu. Ukilalia kushoto moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua, unausikia zaidi. Watu wengi wazima kabisa ukiwavisha mashine ya kurekodi mapigo saa 24 utayakuta mapigo hayo, wengine hawajawahi hata kuyahisi. Kwa moyo ambao ECHO yake ni safi kwa kawaida hayana madhara.

Huo wa kwenda mbio ndo nataka tuujue zaidi. Je, unaanza ghafla kama mtu amewasha swichi na kuzima ghafla vilevile, au unapanda taratibu na kushuka taratibu? Ukitulia unakojoa sana? Ule wa ghafla, unaopiga mara 150 mpaka 200 na zaidi kwa dakika, mara nyingi ni njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo, na watu wenye nao wamehangaika miaka wakiambiwa wasiwasi. Unatibika, na wengine wanachomwa kile kinjia kwa waya maalumu mambo yanaisha. Daktari akithibitisha ndo huo atakufundisha namna ya kuusimamisha: unakaa, unapuliza kwenye bomba tupu la sindano la mili 10, lisilo na sindano mbele, mpaka kisukumio chake kisogee, sekunde 15, alafu unalazwa haraka miguu ikiinuliwa juu. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2015 uliona njia hiyo inarudisha mapigo kwa wagonjwa 43 katika 100, ile ya zamani ya kujikamua bila kuinua miguu ni 17.

Kama unapanda taratibu, na kabla yake kulikuwa na wazo baya au ulikuwa umeshika mshipa unahesabu, basi hofu inahusika, na hapo namlaumu mwenzangu kwa neno moja, hilo "tu". Hofu inamwaga adrenalini kwenye damu, adrenalini inaongeza kasi na inazalisha hayo mapigo yanayowahi, wewe unayasikia unaogopa zaidi, inamwagwa nyingine. Mikono kutetemeka ni yenyewe hiyo. Haujajitungia, mwili umefanya kweli. Ina matibabu yake, mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili na wakati mwingine dawa, na kumwona haimaanishi umerukwa na akili. Ila cha kwanza toa huo mkono kwenye mshipa. Kila ukihesabu unaifundisha akili kwamba kuna hatari.

Kwa hiyo pima wingi wa damu na homoni ya tezi ya shingo, TSH, maana kina mama wa umri wako, hasa wenye hedhi nzito, upungufu wa damu unawakimbiza moyo na hakuna aliyepima, kila mtu anakimbilia kifuani. Alafu omba mashine ya kuvaa, Holter, saa 24 au 48. Kama Morogoro usipoipata, kliniki za moyo za Dar es Salaam zinayo, ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Hali ikikukuta mchana nenda kituo chochote chenye ECG wakati bado unaisikia, usisubiri itulie. Punguza kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu acha kabisa, na angalia dawa za mafua, nyingi zina kitu cha kukimbiza moyo. Wa mirungi mnajijua.

Kinachoniuma mimi si laki na themanini yako, ingawa nayo ni hela. Foleni ile ya kanisani ulikuwa nyuma ya mtu gani? Huenda ni kijana aliyeumwa koo utotoni bila dawa, viungo vikavimba, mlango wa moyo ukaharibika, sasa moyo unapiga ovyo ovyo na damu inaganda mle ndani. Huyo akipewa chai ya kusafisha mishipa atakuja kwetu ameshapooza upande mmoja, wakati kulikuwa na dawa ya kuzuia. Mwingine moyo unamkimbia kwa sababu ya chai yenyewe: zile za kupunguza tumbo, zimewahi kukutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo, na kwenye boksi haijaandikwa popote. Kama bidhaa inadai kutibu na haina usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, usiimeze. Ushuhuda wa shangazi yako si usajili.

Na yeyote anayesoma hapa, kama moyo unakwenda mbio ukazimia, au unaruka ukiwa unakimbia au kupanda ngazi, au kifua kinauma na pumzi inakata, au kwenu kuna ndugu alikufa ghafla akiwa kijana, hayo yote niliyomtuliza mama hapo juu hayakuhusu. Wewe nenda hospitali leo, na uende na mtu aliyekuona ukizimia, ndo atakayeeleza vizuri.