Nimechoka kuprinti kadi, nataka kukarabati websaiti za watu

SWALI: Shikamoo dada, hongera na kazi. Mimi ni mdizaini wa grafiki hapa Mwanza, nimeajiriwa kwenye duka la printi, nadizaini kadi za harusi, bana, tisheti za kampeni, yani kila kinachotaka programu ya Illustrator kinaletwa kwangu. Mwaka jana nikajifundisha WordPress (programu ya kutengenezea websaiti) na Figma (ya kuchorea dizaini yake) huko YouTube, nikaifanyia dizaini upya websaiti ya shule moja ya mtaani kwetu na watu wameipenda sana. Sasa nikiangalia websaiti za hoteli na kampuni za utalii za hapa mjini naona zimechakaa, nawaza niache kazi nifungue biashara ya kuziboresha. Shida sijasomea kompyuta, sijui nichaji shilingi ngapi, na mama hataki hata kusikia habari za kuacha mshahara. Nianzie wapi?
Mdizaini, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la kutosomea kompyuta lisikunyime usingizi, WordPress ipo tangu 2003 na wengi wanaoishi nayo hawajawahi kuandika kodi za programu. Wewe unalo jicho, unajua herufi ikae wapi na nafasi iachwe wapi ili bibi wa miaka 70 asome kadi bila kuuliza, na hicho ndicho kinachokosekana kwenye hizo websaiti unazoziona.

Ila kuna kitu nataka ukishike kabla hujamfuata mteja yeyote. Kadi ikishatoka kwenye mashine imeisha, websaiti inatumiwa kila siku na watu usiowaona, kwa hiyo usiidizaini kama bana. Chukua simu ya kawaida, sio laptopu ya ofisini, weka bando la kawaida, halafu fungua websaiti ya hoteli kama mgeni aliyeshuka stendi ya Nyegezi saa mbili usiku anatafuta chumba. Utakuta picha ya mbele imepandishwa kama ilivyotoka kwenye kamera, MB 6, inashuka kidogo kidogo mpaka mtu anakata tamaa. Namba ya simu imeandikwa ndani ya picha kwahiyo ukiibonyeza haipigi. Fomu ya kubuku nayo inatuma kwenye barua pepe ya mfanyakazi aliyeondoka zamani, maombi yanaingia huko na hakuna anayejibu! Pima pia kwa PageSpeed Insights ya Google, ni bure, inakupa alama kati ya 0 na 100, na kitu kikubwa kuliko vyote kwenye sehemu ya ukurasa inayofunguka kwanza kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Hayo ndio unampelekea mwenye hoteli, umwonyeshe kwenye simu yake mwenyewe. Usimwambie websaiti yake mbaya, mwonyeshe wageni wanapopotelea.

Akikubali, usikimbilie Figma. Muulize kwanza jina la websaiti, ile domeni, limesajiliwa kwa jina la nani na nani ana nywila. Mara nyingi kijana aliyeitengeneza aliisajili kwa jina lake, akahama mji, na mwenye biashara hajui kabisa. Majina ya .tz yanauzwa na wasajili walioidhinishwa, basi nendeni kwa msajili aliyeuza hilo jina mlirudishe kwa mteja kabla hujagusa hata rangi. Kisha chukua bakapu, yani nakala ya akiba, ya kila kitu, na andika anwani za kurasa zote za zamani. Hapa ndipo wadizaini wengi wanapoharibu kazi nzuri, wanabadilisha anwani za kurasa halafu hawaelekezi zile za zamani kwenda kwenye mpya (mafundi wanaita ridairekti ya 301), basi mgeni aliyebonyeza linki ya zamani anakuta ukurasa haupo, na nafasi ambayo hoteli ilikuwa nayo Google inaporomoka. Websaiti inapendeza na simu hazilii, na wa kulaumiwa ni wewe.

Kuhusu bei, usihesabu kurasa, hesabu muda wako, ukijumlisha na muda wa kumkumbusha mteja alete picha na maelezo, maana huo ndio unakula siku nyingi kuliko dizaini yenyewe. Chukua nusu advansi. Andikeni kwamba marekebisho ni mara mbili, ya tatu inalipiwa, na muandikiane hata kama mteja ni mjomba wako. Domeni na hosti (sehemu websaiti inapohifadhiwa) alipie yeye kwa jina lake. Halafu mpe na bei ya matunzo ya kila mwezi, kuapdeti WordPress na plagini zake (programu ndogo za nyongeza), bakapu, kubadilisha bei za vyumba, kwa sababu hela ya kukarabati inakuja mara moja ila kodi ya nyumba inakuja kila mwezi.

Na mama kwa sasa yuko sahihi. Baki dukani, fanya hizi kazi jioni na wikiendi, bosi wako ajue, na wateja wa duka usiwaguse. Hela ya matunzo ikishatosha kodi na chakula miezi kadhaa mfululizo ndio ukaongee tena na mama, ukiwa na hesabu mkononi. Ila kusajili jina la biashara BRELA na kupata TIN, namba ya mlipakodi, ya TRA usisubiri mpaka hapo, anza navyo sasa hivi, hoteli na kampuni hazitakulipa bila karatasi.