Mnataka kuunda gari ya mbio na washkaji kwa bajeti ndogo? Anzeni na haya

Watu wakisikia tunakimbia mbio za masaa mengi na gari tuliyoiunda wenyewe, swali la kwanza huwa "ina hosipawa ngapi?" Jibu langu ni lile lile siku zote, achana na nguvu kwanza, uliza inaweza kukimbia masaa mangapi bila boneti kufunguliwa. Hizi mbio ni za kupokezana, gari moja madereva wanne au zaidi, zinaenda masaa saba, nane, nyingine 24 kabisa, na anayeshinda ni yule aliyezunguka mara nyingi kuliko wenzake, basi.

Piga hesabu uone. Tuseme mzunguko mmoja wa uwanja ni dakika mbili, saa moja ni mizunguko 30, masaa nane ni 240. Gari yenu ni nzito kuondoka, kila mzunguko inaachwa sekunde tano, mwisho wa siku mmepoteza dakika 20, yaani mizunguko kumi. Sasa mwenye gari kali beringi ya mbele ikimfia akakaa piti, pale pembeni ya uwanja magari yanapotengenezwa na kujazwa mafuta, dakika 40 anahangaika nayo, huyo kapoteza mizunguko 20 kwa pigo moja tu, na ile kasi yake yote haimrudishii. Ndo maana nasema pesa kidogo mliyonayo iende kwenye usalama, breki na kupoza injini. Nguvu ije baadaye au isije kabisa.

Marekani kuna mashindano yanaitwa 24 Hours of LeMons, yalianzishwa na Jay Lamm mwaka 2006 kule California, na kanuni yake inayojulikana zaidi ni kwamba gari isizidi dola 500. Watu wanaisikia hiyo namba wanadhani unaingia uwanjani na dola 500. Hapana jamani. Vifaa vya usalama havihesabiwi humo, na breki, rimu na matairi pia havihesabiwi, kwahiyo hakuna sababu ya mtu kubana pesa kwenye kitu kitakachomuua. Ukizidisha kwenye vitu vingine waamuzi wanakukata mizunguko. Hata kama nyie mnakimbilia kwingine chini ya kanuni nyingine, huo mpangilio uchukueni: bajeti ya gari iwe mbali, ya usalama iwe mbali, na hiyo ya pili haiguswi hata pesa ikikata.

Nianze na roli keji, yale mabomba ya chuma yanayozunguka dereva ndani ya gari. Kabla hamjakata hata bomba moja someni kitabu cha kanuni cha mashindano mnayoyataka, kwasababu kipenyo na unene wa bomba vinategemea uzito wa gari, na ukikosea hapo mkaguzi anakurudisha nyumbani. Bomba la maji au la ekzosi halifai, halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Alafu kila maungio lazima yachomelewe mzunguko mzima, na hapa ndo wengi wanakwama, kwasababu juu karibu na paa mkono wa fundi hauingii. Fundi aliyetuchomelea ya kwetu alitumia njia ambayo naipenda mpaka leo: alitoboa sakafu pale miguu ya keji inapokaa, akaishusha keji nzima ipite kwenye yale matundu, juu pakapata nafasi akachomelea vizuri kuzunguka kote, kisha akaipandisha tena na kuweka vibao vya chuma chini ya miguu. Kazi ya siku kadhaa, ila ukipitisha kidole juu ya yale maungio hukuti hata sehemu moja iliyorukwa. Kama hamna fundi wa hivo, tafuteni timu inayostaafu mnunue gari yao ikiwa na keji tayari, mara nyingi inatoka rahisi kuliko kuanza moja.

Helmeti usiazime ya pikipiki. Zile za magari zina alama ya SA ya Snell, taasisi inayopima helmeti, zimepimwa kwa moto na kwa kugonga bomba la keji, za pikipiki zina herufi M na hivyo vipimo hazina. Na kifaa cha kushikilia shingo, HANS au kinachofanana nacho, ni lazima kwangu hata pale kanuni isipolazimisha. Robert Hubbard na shemeji yake Jim Downing ambaye alikuwa dereva walikianza miaka ya 80, madereva wengi wakakikataa kwa miaka kwamba kinabana, mpaka Dale Earnhardt, dereva nyota wa NASCAR, mashindano makubwa ya magari Marekani, alipofariki kwenye uwanja wa Daytona Februari 2001 kwa kuvunjika kitako cha fuvu, na Oktoba mwaka huohuo NASCAR ikalazimisha madereva wavae kifaa cha kuzuia kichwa kurushwa mbele. Mkanda unashika mabega, kichwa hakina kinachokishika. Mkikumbuka hilo hamtabishana tena kuhusu bei.

Kitu kingine kidogo ila kinasahaulika sana ni swichi ya kuzima umeme wote. Ukikata betri peke yake injini inaweza kuendelea kuwaka kwa umeme wa altaneta, ile inayochaji betri, kwahiyo swichi iwe ya kukata vyote viwili. Kuipima ni rahisi, washa gari, mtu akanyage mafuta kidogo, wewe zungusha swichi. Injini isipozima palepale, rudini kwenye waya.

Kuhusu gari yenyewe sitasema mengi. Chagueni nyepesi, ya kawaida, spea zake zinapatikana kila kona, injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada. Wepesi unaokoa breki, matairi na mafuta kwa mpigo mmoja. Msichague kwa mapenzi, chagueni ile ambayo mnaweza kupata habu (kitovu cha gurudumu) ya pili na altaneta ya pili bila kusubiri wiki mbili. Matairi kanuni nyingi zinataka ya barabarani, yenye namba ya kuchakaa (ikiwa kubwa tairi linachelewa kuisha) 180 au 200 kwenda juu, na hayo yanatosha kabisa.

Breki sasa. Pedi za barabarani hazijatengenezwa kukanyagwa kwa nguvu kila baada ya nusu dakika kwa masaa nane, zikipata moto kupita kiasi pedali iko ngumu lakini gari haisimami. Na mafuta ya breki nayo yanachemka: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie angalau nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yananyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiwango kinachoruhusiwa kinashuka mpaka 155. Yakichemka mnapata mvuke kwenye mpira wa breki, mguu unazama mpaka chini hakuna kitu. Kwahiyo badilisheni mafuta yote kabla ya kila mbio, mmoja ndani mmoja chini ya gari, "kanyaga", "shikilia", "achia", mpaka mapovu yaishe magurudumu yote manne. Ni kazi ya kuchosha lakini hakuna kazi ninayoiamini zaidi kwenye gari yetu. Alafu vuteni bomba la hewa kutoka bampa ya mbele mpaka katikati ya diski, sio kwenye uso wake, kwasababu diski yenye matundu inavuta hewa katikati na kuitupa nje, ukiipulizia pembeni umeipoza upande mmoja tu.

Oili ndo inaua injini nyingi kwenye hizi mbio na wenyewe hawajui. Barabarani haukati kona ndefu kwa mwendo ule. Uwanjani kona moja inaweza kuchukua sekunde nyingi, oili yote inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inanyonya hewa, beringi za krenki zinakaa kavu, na ukirudia hivo mara mia injini inanoki. Sisi tulifunga taa nyekundu kubwa ya presha ya oili karibu na usukani, sio ile ndogo ya dashibodi ambayo mtu mwenye helmeti haioni. Siku ya mazoezi dereva wetu akaona inapepesa kwenye kona ndefu ya kulia, sehemu zote zingine imezima kabisa, akaingia piti mwenyewe bila kuitwa. Tukashusha sampu, tukachomelea vibao vya kuzuia oili isikimbie, tukaongeza oili kidogo juu ya alama, taa ikatulia. Ile taa ni kitu cha bei ya chini kabisa kwenye gari nzima na ndo iliyookoa injini.

Kupoza ni vivyo hivyo, radieta mpya badala ya kuzibua ya zamani, hosipaipu zote mpya, feni inayofanya kazi, na bati la kuziba pembeni ya radieta ili hewa yote ipite ndani yake isizunguke nje. Viwanja vingi havitaki kulanti, yale maji ya kupozea injini, yenye kemikali ya glaikoli maana ikimwagika inateleza vibaya, tumieni maji safi na dawa ya kuzuia kutu. Gari ikianza kuchemsha dereva apunguze, asisubiri aambiwe.

Nati za magurudumu zibaneni kwa spana ya kupima, alafu pigeni mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu. Kila gari ikiingia piti mtu anainama anaangalia mistari, ukikuta umekatika unajua nati imelegea.

Kubadilishana dereva kufanyieni mazoezi gari ikiwa imesimama, tena mkiwa mmevaa kila kitu. Anayetoka alegeze mikanda yote kabla hajashuka, anayeingia awe na mtu wa kumvutia mikanda ya mabega maana mwenyewe haifikii vizuri. Wakati wa kujaza mafuta injini imezimwa, hakuna mtu ndani, na mmoja amesimama na mtungi wa kuzimia moto pini imeshatolewa, kazi yake ni hiyo tu asishike kitu kingine. Dereva mmoja asizidi masaa mawili, ndani mna joto kali na mtu anachoka bila kujijua, anywe maji kabla hajasikia kiu.

Sasa hili la washkaji, na naliongea kwa uzito kwasababu nimeona timu nzuri zikifa gari ikiwa nzima. Kabla ya kununua chochote kaeni chini muandike: kila mtu anatoa kiasi gani na lini, gari ni ya nani, mtu akijitoa anarudishiwa nini, na kubwa kuliko yote, akigonga nani analipa. Sisi tulikubaliana gari ikishaingia uwanjani ihesabiwe imepotea, aliyegonga halipi peke yake, timu nzima inalipa, na hakuna anayemlaumu mwenzake kwa sauti siku hiyo. Hiyo imetusaidia sana, dereva anaendesha ametulia hana hofu ya deni. Pia sio kila mtu lazima aendeshe. Kuna mwenzetu hapendi kabisa kukaa kwenye usukani, yeye anashika daftari la mafuta, muda na joto la injini, na bila yeye tungeishiwa mafuta katikati ya uwanja.

Mkishamaliza kuunda msikimbilie mashindano. Lipieni siku ya mazoezi uwanjani, jazeni tenki, madereva wote wapokezane mpaka mafuta yakaribie kuisha, alafu ipandisheni juu ya stendi mshike kila bolti, mnuse kila hosi, muangalie pedi zimebaki kiasi gani na mpige hesabu kama zitafika masaa nane. Kama kuna kilicholegea rekebisheni mrudi tena. Tenki zima likiisha bila geji ya joto kupanda na bila taa ya oili kuwaka, jazeni fomu.