Mabaki ya alumini ya F-150 yanaenda wapi?
Uliyeuliza kama Ford wanatupa mabaki ya alumini ya bodi za F-150, pikapu yao: hapana, hiyo ni mali. Bati la mlango likikatwa, tundu la dirisha peke yake linaacha kipande kikubwa. Pale Dearborn, Michigan, mabaki hukatwakatwa, husukumwa kwa hewa kwenye mabomba hadi kwenye malori, kisha hurudi kuyeyushwa kuwa bati jipya. Kuyeyusha hula takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutoa alumini kwenye boksaiti, yaani mawe yenye madini ya alumini. Kazi iko kwenye kutenganisha: aloi (alumini iliyochanganywa na elementi nyingine) za kundi la 5000 zina magnesiamu, za kundi la 6000 zina magnesiamu na silikoni. Zikichanganyika ovyo, bati la bodi halipatikani tena. Mabaki hayo huishia kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu kuwa vipuri kama bloku ya injini.