Kwa wewe unayeanza kazi na wenzako walio mbali

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza lilikuwa na tarakimu nne tu. Niliandika kwamba ripoti ikabidhiwe 04/05, nikimaanisha tarehe 4 Mei. Mwenzangu aliyeko Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, akasoma 5 Aprili. Hakuuliza. Alikesha siku mbili, akatuma kazi na neno moja: "Tayari." Nami nikamsifu kwa kuwahi! Ilipita wiki nzima ndipo nikajua kwamba amenuna, na haki alikuwa nayo. Tangu hapo mwezi nauandika kwa herufi.

Saa nazo zina visa vyake. Usiandike "kesho asubuhi". Asubuhi ya nani? Taja saa kwa mtindo wa saa 24 na uweke UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, pembeni, hasa sisi tunaohesabu saa tangu kunapokucha. Niliwahi kumwambia "saa tatu" mtu aliyejifunza Kiswahili vitabuni, akaingia kikaoni saa tisa alasiri. Halafu mwezi Machi uwe macho. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili, Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho. Katika wiki hizo mbili tatu kikao mlichokizoea kinaweza kuhama saa nzima bila mtu kugusa ratiba.

Hayo ni mepesi, kalenda ya simu itakusaidia. Kasheshe iko kwenye neno "sawa".

Kuna mwenzetu mmoja aliyekuwa akiitikia "sawa" kila nilipomweleza jambo. Wiki tatu baadaye kazi haijaanza. Nilikasirika, nikamwona mvivu. Kumbe kwake "sawa" ilikuwa na maana ya "nimekusikia", na kumpinga mtu mbele za watu ni kumvunjia heshima. Kipengele cha pili cha kazi hiyo hakikuwezekana kabisa, alikijua tangu siku ya kwanza, akawa anasubiri nimwulize faraghani. Sasa siulizi tena "umeelewa?" kwa sababu swali hilo lina jibu moja tu duniani. Nauliza: "Utaanza na lipi? Nini kinaweza kukukwamisha?" Kisha nanyamaza hadi ajibu, hata kama kimya kinaniwasha.

Na kimya chenyewe usikihukumu haraka. Wengi wenu mtakuwa mnazungumza lugha ya kazi ambayo hamkuzaliwa nayo. Mtu anapotafsiri kichwani, mwenye lugha yake ameshamaliza utani wake na kuhamia ajenda inayofuata. Tuma hoja siku moja kabla. Kikaoni, wape watu dakika mbili waandike mawazo yao kabla ya yeyote kufungua mdomo. Mara ya kwanza tulipojaribu, dosari iliyokuwa imetusumbua mwezi mzima ilitajwa na dada ambaye sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia.

Kama wewe ndiye mgeni, uliza kwenye kundi, si pembeni kwa mtu mmoja. Najua inatia haya. Lakini jibu la pembeni hufa na wawili, na kesho mgeni mwingine atauliza swali lilelile.

Jambo linaloniudhi mpaka leo ni maamuzi ya koridoni. Kikao kimekwisha, waliokaa ofisi moja wanaendelea kupiga soga, wanabadilisha mpango, na walio mbali wanayakuta mambo yameshageuka. Hakuna nia mbaya, ila aliye mbali huona ametengwa. Dawa yetu ni kali kidogo: uamuzi ambao haukuandikwa pale wote wanapoona, haujafanyika. Mistari mitatu inatosha: tumeamua nini, kwa nini, nani anafanya.

Mwisho, angalia ni nani hupoteza usingizi. Kwetu mtu yuleyule alikuwa akiamka usiku wa manane kwa miezi kadhaa, naye hakulalamika kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Siku hizi tunapokezana. Zamu yangu ni Jumanne, saa nane usiku.