Kuhusu swali lako na koti la baba

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unauliza kama msiba wa baba yako unaweza kuwa utafiti wako wa uzamili, maana msimamizi wako amesema hayo ni mambo ya shajara.

Yanawezekana. Nimetoa ushauri nasaha hapa Nairobi miaka 19, na sikuwahi kumwelewa mjane hadi nilipofiwa mwenyewe.

Njia hii ya kutafiti jambo ulilolipitia wewe mwenyewe ina mwanzilishi wake. Clark Moustakas, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa na binti mgonjwa wa moyo, ikambidi aamue kama afanyiwe upasuaji ambao ungemponya au kumuua. Upweke wa uamuzi ule ukamfanya awatazame na kuwasikiliza watoto waliolazwa wodini, na mwaka 1961 akatoa kitabu. Utafiti wa namna hii aliuita wa hiuristiki, kutokana na neno la Kigiriki la kugundua. Mwaka 1990 akafafanua hatua zake: unalishika swali, unazama ndani yake, unaliacha lilale, linakufunukia, unalieleza, kisha unayaunganisha yote, hata kwa shairi.

Hapo pa kuliacha lilale ndipo wengi hupakimbia. Unalikumbuka lile koti nyuma ya mlango? Miezi minane sikuligusa. Jioni moja niko kwenye matatu, Waiyaki Way, foleni haisogei, abiria wa mbele akatoa chenji, sarafu zikalia. Papo hapo nikajua kinachonitisha ni mifuko ya lile koti. Nilipofika nyumbani nikatia mkono. Shilingi arobaini, na karatasi yenye mwandiko wake: maziwa, sukari, betri. Nililia hadi chai ikapoa.

Baadaye nikamsimulia mjane mwenzangu wa kanisani. Akaniambia simu ya marehemu mumewe bado anaichaji kila usiku. Ningebaki na koti langu tu, msimamizi wako angekuwa na haki. Basi mwambie utawatafuta wengine waliofiwa na baba, wale ambao Moustakas aliwaita watafiti wenza, na utawarudishia ulichoandika juu yao waseme kama ndivyo walivyopitia.

Lakini mwanangu, kibali cha kamati ya maadili hakitoshi. Usiku ule wa hospitali ni wa kaka yako pia, na hajawahi kuutaja. Muulize kabla hujaandika hata mstari. Mimi nimekubali, ila jina langu usiliweke, na kurasa zinazonihusu nizisome kabla hujaziwasilisha. Tafuta pia mshauri wako mwenyewe, asiwe mimi. Na kama kuandika kutakunyima usingizi, weka kalamu chini unipigie, hata ikiwa saa nane za usiku.

Koti bado lipo mahali pake. Ukija Jumamosi nitakuonyesha ile karatasi.

Mama yako